Soko Ambalo Halipo Busia



Ukisimama Busia asubuhi, pale ambapo barabara itokayo Kisumu inaingia Uganda, utaona mambo mengi kwa mtazamo mmoja. Malori yamepanga foleni. Vijana wa bodaboda wanaita abiria. Na wenyeji watakuambia kwamba hata neno hilo, bodaboda, lilizaliwa hapa mpakani, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Wanawake wamejitwika beseni za nyanya na mafurushi ya samaki wakavu. Salamu inaanza kwa Kisamia, inajibiwa kwa Kiteso, kisha watu wanapatana bei kwa Kiswahili. Mji una jina moja pande zote mbili za mpaka. Ukielekea kaskazini utafika Malaba, ambayo upande wa Uganda imo katika wilaya ya Tororo, nchi ya jabali lile kubwa linaloonekana kutoka mbali, likiwa limesimama peke yake juu ya mji.

Sasa nakuuliza. Ukiambiwa uonyeshe mahali hapa kwa picha moja, kwenye slaidi moja, mbele ya watu wanaoishi hapa, picha hiyo utaitoa wapi?

Miaka michache iliyopita jibu lilikuwa rahisi: utaipiga, utaichora, au utamwomba aliye nayo. Leo kuna jibu la nne. Unaandika maneno machache kwenye kompyuta au simu, unasubiri kidogo, na mashine inakupa picha ambayo hakuna aliyeipiga wala kuichora. Teknolojia hii Tanzania wengi huiita akili mnemba, na Kenya utasikia zaidi akili unde. Zipo programu ambazo hufanya zaidi ya hapo: unazipa mada, nazo zinakuandikia vichwa vya slaidi, zinapanga hoja na kuweka picha kila ukurasa, wasilisho zima likawa tayari kabla chai yako haijapoa.

Maoni yangu nitayasema mapema, ili usinisome ukiwa gizani. Siipingi mashine. Napinga kuiweka picha iliyoundwa na mashine mahali ambapo raia anatafuta maelekezo ya kufuata. Hapo picha haiwi pambo tena, inakuwa ahadi. Na ahadi lazima iwe na mtu wa kuitimiza.

Nilijifunza hili kwa aibu, na aibu yenyewe nitakusimulia.

Kikundi cha wanafunzi wangu, wengine wa upande wa Kenya na wengine wa Tororo, waliandaa wasilisho la kuwaeleza wafanyabiashara wadogo juu ya utaratibu uliorahisishwa wa biashara katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni somo zuri la uraia, maana linamgusa mtu mfukoni. Utaratibu wenyewe ni huu: mfanyabiashara mwenye shehena ya thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa zake zimezalishwa ndani ya nchi wanachama na zimo katika orodha iliyokubaliwa, anaweza kupata palepale mpakani cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa. Kwa cheti hicho bidhaa zake hazitozwi ushuru wa forodha. Hata hivyo, msamaha huo si msamaha wa kila kitu. Vibali vya afya ya mimea na vya usalama wa chakula vinaweza kuhitajika bado, na kodi nyingine zina sheria zake.

Wanafunzi walifanya kazi nzuri ya maandishi. Kiswahili chao kilikuwa safi, hoja zilikuwa fupi, na herufi zilikuwa kubwa kiasi cha kusomwa na mtu aliyekaa nyuma. Kwa picha, waliiachia programu. Programu hiyo siitaji jina, kwa sababu kosa halikuwa lake peke yake. Mimi mwenyewe nilizipitia slaidi zote usiku ule, nikasahihisha kiambishi kimoja na koma mbili, nikawapongeza. Maneno niliyasoma kwa makini. Picha nilizitazama tu.

Slaidi ya nne ilikuwa na kichwa kisemacho “Bidhaa zinazostahili.” Chini yake palikuwa na picha ya soko: jua la asubuhi, mama anatabasamu, magunia ya mahindi, vikapu vya maharage, na nyuma yake, kwenye kamba, nguo za rangi nyingi zimetundikwa. Ilipendeza sana. Wakati wa maswali mama mmoja alisimama akasema, “Mwalimu, nimeona nguo kwenye picha yenu. Kwa hiyo hata belo langu la mitumba halitatozwa ushuru nikiwa na hicho cheti?”

Ukumbi ulinyamaza. Jibu lilikuwa hapana. Mitumba ni nguo zilizotoka ng'ambo, hazikuzalishwa ndani ya Jumuiya, na kwa hiyo haziwezi kupata cheti cha kuthibitisha kwamba zimezalishwa ndani ya Jumuiya. Hakuna aliyeandika neno nguo kwenye slaidi ile. Hakuna aliyelitamka. Mashine ndiyo iliyolisema kwa niaba yetu, nasi tukalitia sahihi bila kujua.

Tulimjibu, tukamshukuru. Lakini njiani nikirudi nyumbani wazo moja halikuniacha. Aliyeuliza alikuwa mmoja. Je, ni wangapi waliona nguo zile, wakaelewa walivyoelewa, wakaondoka bila kuuliza? Mtu wa namna hiyo angefika kwenye dirisha la forodha na belo lake, akiwa na imani aliyoipata kwetu. Angeshangaa, angebishana, pengine angedhani ofisa anamdai asichostahili. Na safari inayofuata angeweza kurudia njia za panya, akisema kwamba mafunzo ya uraia ni maneno matupu. Kosa la rangi na kamba lingeweza kula mtaji wa mtu.

Tulirudi darasani tukazikagua slaidi upya, moja baada ya nyingine, safari hii tukianza na picha. Bendera ya Uganda ina milia sita, nyeusi, manjano na nyekundu zikirudiwa mara mbili, na katikati yupo korongo mwenye kishungi ndani ya duara jeupe. Katika slaidi yetu milia ilikuwa saba, na ndege alifanana na kuku. Slaidi ya cheti ilionyesha karatasi yenye muhuri na maandishi, lakini ukisogea karibu maandishi hayo hayakuwa lugha yoyote. Slaidi ya samaki ilitakiwa kuonyesha samaki yule mdogo wa Ziwa Victoria ambaye Tanzania humwita dagaa, Kenya omena na Uganda mukene. Mashine ilituchorea samaki wanene, kila mmoja urefu wa mkono. Na mwanafunzi mmoja wa Tororo aliitazama slaidi ya kwanza, penye mlima uliochongoka nyuma ya mji, akasema kwa upole, “Mwalimu, hilo si jabali letu.”

Baya zaidi lilikuwa slaidi ya kuvuka mpaka. Tangu Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipokizindua rasmi, Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani. Maana yake ni kwamba msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na hapo huwakuta maofisa wa nchi zote mbili. Anayetoka Kenya kwenda Uganda hushughulikiwa upande wa Uganda. Anayetoka Uganda kwenda Kenya hushughulikiwa upande wa Kenya. Picha yetu ilionyesha vibanda viwili vinavyotazamana, kizuizi katikati, na foleni mbili: moja ya kutoka, nyingine ya kuingia. Huo ndio utaratibu wa zamani hasa, ule ambao kituo cha pamoja kilijengwa ili kuuondoa. Maandishi yetu yalifundisha jambo jipya, picha ikafundisha la kale, na wewe unajua ni lipi ambalo mtu hulikumbuka akifika nyumbani.

Kwa nini mashine inakosea namna hii? Yafaa uelewe, maana asiyejua chombo kinavyofanya kazi hukiogopa bure au hukiamini bure. Mashine hizi hufunzwa kwa picha nyingi mno zilizokusanywa kutoka intaneti, kila picha ikiwa na maneno yaliyoambatana nayo. Mkusanyiko mmoja mashuhuri uliotolewa mwaka 2022, uitwao LAION-5B, una jozi zaidi ya bilioni 5.8 za picha na maneno. Zaidi ya bilioni 2.3 kati ya hizo ni za Kiingereza. Lugha nyingine zaidi ya 100, zikiwekwa pamoja, zina idadi inayokaribia hiyo. Zilizobaki lugha yake haikutambulika. Mashine hujifunza uhusiano kati ya maneno na maumbo. Ukiiagiza picha, mashine za aina iliyoenea huanza na ukungu wa vitone visivyo na mpangilio, mithili ya mchanga uliomwagwa, kisha hupunguza fujo hatua kwa hatua mpaka patokee kitu kinachofanana na maneno yako.

Zingatia neno hilo, kufanana. Mashine haikumbuki soko la Busia. Haijawahi kunusa omena wala kusikia konda akiita abiria wa Kampala. Inakadiria jinsi soko la Afrika linavyoonekana kwa kawaida katika picha zilizowekwa intaneti, na kwa kawaida hiyo huwemo nguo za rangi rangi. Kwa hiyo haikutudanganya kwa kukusudia. Ilitupa wastani, nasi tukauonyesha kama kwamba ni mahali.

Hapa ndipo mimi, mwalimu wa lugha, naona kwamba Kiswahili kilikuwa kimetuonya kabla ya mashine kuzaliwa. Tazama vitenzi. Kwa Kiswahili picha hupigwa, na picha huchorwa. Sasa tumeongeza kitenzi cha tatu: picha huundwa. Vitenzi hivi vitatu si visawe. Aliyeipiga picha lazima alisimama mahali fulani, siku fulani, mbele ya kitu kilichokuwapo. Unaweza kumwuliza: ulikuwa wapi? Aliyeichora picha huenda hakuwapo, lakini aliamua kila mstari. Unaweza kumwuliza: kwa nini uliiweka nguo hii hapa? Aliyeagiza picha iundwe hakusimama popote, wala hakuamua kila mstari. Ukimwuliza kwa nini nguo zimo, atasema hajui, na atakuwa anasema kweli. Hivyo ndivyo nilivyosimama mbele ya mama yule: mtu mzima, mwalimu, asiyejua kwa nini picha yake inasema inachosema.

Kwa hiyo nakuomba uwe na adabu ya vitenzi. Ukiandika chini ya picha, andika “imepigwa,” “imechorwa” au “imeundwa kwa mashine.” Msomaji ana haki ya kujua ni swali gani anaweza kukuuliza.

Najua utakuwa na hoja za kunipinga, na baadhi yake ni nzito.

Hoja ya kwanza ni faragha. Utasema: nikiupiga picha uso wa mama anayevuka na magunia yake, nimemweka hadharani, huenda hataki jirani, mdai wake au ofisa amtambue. Ni kweli kabisa. Kenya na Uganda zote zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, na uso wa mtu anayetambulika ni data yake. Mama wa kubuni hana jirani wa kumcheka. Lakini angalia: ulichokihitaji ni kuuficha uso wa mtu, si kuibuni forodha nzima. Piga picha ya mikono ikifunga gunia. Piga picha ya mizani. Piga picha ya bidhaa zenyewe mezani, mahindi upande mmoja na mitumba upande wa pili, kisha uweke alama ya ndiyo na alama ya hapana. Na ukitaka uso, omba idhini kwa maneno yanayoeleweka, eleza picha itaonyeshwa wapi, na ukikataliwa, shukuru uondoke. Kumbuka pia kwamba maeneo ya forodha na uhamiaji yana ulinzi wake. Usitoe simu na kuanza kupiga picha bila ruhusa ya wahusika.

Hoja ya pili ni uwezo. Utasema: mimi ni mwanafunzi, sina kamera nzuri, sina fedha ya kumlipa mchoraji, na sijui kuchora. Hoja hii naiheshimu, maana nimefundisha madarasa yenye kipakatalishi kimoja. Lakini kumbuka kile tulichotaka kukieleza kuhusu kituo cha pamoja. Tulihitaji visanduku viwili, mstari mmoja katikati, na mshale mmoja unaopita mstari kabla ya kusimama. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuvichora ubaoni. Wanafunzi wangu walivichora kwa kalamu kwenye karatasi nyeupe, wakaipiga picha karatasi hiyo kwa simu, wakaiweka kwenye slaidi. Haikupendeza kama ile ya mashine. Lakini tulipoionyesha tena, mzee mmoja alinyanyua kidole akasema, “Kumbe ndiyo sababu huwa naambiwa niendelee mbele.” Hiyo ndiyo kazi ya slaidi ya kiufundi: kumfanya mtu aseme kumbe.

Hoja ya tatu ni mvuto. Utasema: watu wamezoea picha zinazong'aa, na slaidi yenye mchoro wa kalamu itadharauliwa. Huenda. Lakini wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kichombo cha mbao kilichotiwa nakshi. Nje unameremeta, na ukiukata utakuta mti tu. Mvuto una nafasi yake katika kumwita mtu aketi. Akishaketi, anataka kujua asimame dirisha gani, ashike karatasi gani, na asilipe nini. Raia hakuja kwetu kutazama uzuri wetu.

Sisemi basi kwamba uitupe mashine. Ipo kazi inayoifaa. Iache ikusaidie kupanga mtiririko wa slaidi, kisha uupime mwenyewe. Itumie kwa ukurasa wa kwanza, kwa pambo ambalo hakuna atakayeligeuza kuwa maelekezo: mapambazuko, barabara ndefu, kalamu juu ya daftari. Itumie pia kama zoezi la lugha, nalo ni zoezi zuri kuliko unavyodhani. Jaribu kuiagiza picha kwa Kiswahili na utagundua haraka kama unajua unachosema. Andika “mwanamke anakuna nazi kwa mbuzi,” na usishangae ikikuchorea mnyama mwenye pembe, ilhali mbuzi uliyemkusudia ni kile kifaa cha kukunia nazi. Utalazimika kutaja umbo, ukubwa, rangi, na kitu kilivyokaa mahali pake. Mwanafunzi asiyeweza kukieleza kituo cha mpaka kwa maneno ishirini sahihi hawezi kujua kama picha aliyopewa ni sahihi.

Kipimo changu ni swali moja, nalo nakupa ulibebe: je, yupo mtu atakayetenda jambo kwa kuitegemea picha hii? Kama yupo, picha iliyoundwa na mashine isikae hapo. Ramani, bendera, noti, muhuri, fomu, sare za maofisa, njia ya kuvukia, orodha ya bidhaa, dalili za ugonjwa, namna ya kupiga kura: hizi zote mtu huzitegemea akatenda. Kama hayupo, iweke ukipenda, lakini itie alama. Na alama hiyo iandikwe ndani ya picha yenyewe, si pembeni wala kwenye ukurasa wa mwisho. Unajua mambo yanavyokwenda: wasilisho likishaisha, mtu ataipiga picha slaidi moja kwa simu, ataituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, na kufika jioni itakuwa imevuka mpaka mara nyingi kuliko lori lolote. Maelezo yaliyobaki pembeni hayasafiri nayo.

Lipo jambo kubwa zaidi ya belo moja la mitumba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 41, inampa raia haki kama hiyo. Sisi tunaofundisha uraia tunawahimiza watu waidai haki hiyo: waombe kuona waraka, waulize umetoka wapi, wamwulize nani ameutia sahihi. Tutawezaje kuwafundisha kuuliza hivyo, huku sisi wenyewe tukiwaonyesha picha ambazo hazina mahali wala mwenyewe? Siku ya kampeni atakapokuja mtu na picha ya umati ambao haukukusanyika, au ya mgombea akifanya jambo ambalo hakulifanya, wasikilizaji wetu watakuwa wameshazoezwa kutazama na kukubali. Na waliowazoeza watakuwa sisi, waalimu wao.

Watu wa mpakani wana sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza ililitoa jimbo la mashariki la Uganda, lililoenea hadi bonde la Naivasha, ikalikabidhi kwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya. Wasamia na Wateso wamo pande zote mbili hadi sasa, shangazi huku na mpwa kule. Ramani nayo ni picha. Iliamuliwa mbali, na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuketi katika uwanja wa nyumba yoyote ya hapa, na vizazi vimelazimika kuishi ndani yake. Mimi nikiiacha mashine iliyo mbali ichore Busia, kisha nikaitundika ukutani na kuwaambia wenyeji “hapa ndipo penu,” ninarudia kosa la zamani kwa chombo kipya. Tena sina hata udhuru wa umbali, maana mpaka wenyewe naweza kuufikia kwa miguu.

Na wewe unayejifunza lugha hii una nafasi yako katika kazi hii. Mwaka 2005 Uganda ilikiweka Kiswahili katika katiba yake kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kenya ilikifanya lugha ya taifa na lugha rasmi katika katiba ya 2010. Kwa hiyo siku moja huenda utaombwa wewe, wala si mimi, usimame mbele ya ukumbi ueleze sheria kwa Kiswahili. Utakuwa na projekta, slaidi kumi na mbili, na dakika ishirini. Mbele yako watakuwa wameketi watu walioacha meza zao sokoni ili wakusikilize.

Usiku uliotangulia siku hiyo, usifanye nilivyofanya mimi. Baada ya kuyasoma maneno yako, yafunike kwa kiganja, uzitazame picha peke yake, moja baada ya moja, kama anavyozitazama mtu asiyejua kusoma. Jiulize picha hizi zimemwambia nini. Kisha, kama inawezekana, mwonyeshe mtu mmoja anayeishi mahali unapopaeleza, umwombe akusimulie anachokiona, nawe unyamaze usikilize.

Ile slaidi ya nne bado ninayo. Niliitoa kwenye wasilisho, nikaichapisha, nikaibandika juu ya meza yangu. Wageni huisifia, husema hilo ni soko zuri, liko wapi? Nami huwajibu kwamba haliko popote. Na pembeni mwake nimebandika ile karatasi ya visanduku viwili na mshale, iliyochorwa kwa kalamu ya wino wa buluu. Hiyo hakuna aliyewahi kuisifia, lakini ndiyo tunayoendelea kuionyesha.